Kibeho: Jinsi Wakatoliki Wapimavyo Unabii

Aliye na Biblia na aiweke karibu, maana tutataja sura kadhaa, ingawa sehemu kubwa ya mazungumzo ya leo ni habari ya mambo yaliyotukia Rwanda, nchi isiyo mbali nasi.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja wa ushirika wetu alingoja hadi watu wote wakaisha kutoka kanisani. Kisha akanikaribia akasema, "Mchungaji, jirani yangu ni Mkatoliki, na majuzi amerudi kutoka Rwanda, mahali paitwapo Kibeho. Asema kwamba Mariamu, mama wa Yesu, aliwatokea wasichana wa shule huko, na wakaonyeshwa damu nyingi. Miaka kumi na miwili baadaye damu hiyo ikamwagika. Je, Wakatoliki nao wana manabii? Na kama maneno yale yalikuwa ya kweli, mbona watu hawakuokoka?"

Nilimjibu kwa haraka, na jibu langu lilikuwa baya. Nilisema, "Mama, Wakatoliki wana Papa, wa nini tena nabii?" Yule mama alinitazama tu, akaaga, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Alikuwa ameuliza swali la watu waliokufa, nami nimemjibu kwa mzaha. Ikanilazimu kurudi kwenye vitabu nilivyoviacha tangu chuo cha theolojia, na kutafuta vingine.

Basi tuanze na mafundisho yao wenyewe, maana si haki kumhukumu jirani kwa yale tuliyosikia sokoni. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba kila aliyebatizwa ana sehemu katika kazi ya Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu wao wa 1962 hadi 1965, ulilieleza jambo hili katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa 1964: watu wa Mungu wote, wala si makasisi peke yao, hushiriki unabii wa Kristo. Hapo hatuna ugomvi nao. Musa mwenyewe alitamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Someni Hesabu 11, mstari wa 29.

Lakini wao hutenganisha mambo mawili kwa uangalifu mkubwa. Liko neno la Mungu lililokamilika katika Kristo na kukabidhiwa mitume. Hilo haliongezwi hata nukta moja hadi Bwana arudi. Tena yako maono na maneno ambayo mtu fulani huyapata baada ya siku za mitume. Hayo huitwa ufunuo wa binafsi, hata kama watu elfu ishirini walikuwapo wakitazama. Katekisimu yao ya 1992, fungu la 67, yasema kwamba ufunuo wa namna hiyo hauwezi kuzidisha wala kusahihisha ule wa Kristo. Kazi yake ni kuwasaidia watu kuuishi katika wakati fulani. Na Prospero Lambertini, mwanasheria wa kanisa aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 14 mwaka 1740, alikuwa ameandika zamani kwamba hata maono yaliyokubaliwa na Kanisa hayadai imani ile tunayompa Mungu. Mkatoliki akikataa kuamini habari za Lourdes au za Fatima, hajaiacha imani yake. Nikiri kwamba nilipolisoma hili nilishangaa. Miaka mingi nilidhani kwamba kila Mkatoliki amefungwa kuamini kila tokeo.

Na manabii wanao, tena wengine waliwasumbua wakubwa. Katerina wa Siena, aliyezaliwa 1347, alikuwa binti wa mtia rangi nguo, hakwenda shule. Mwaka 1376 alisafiri hadi Avignon, mji wa Ufaransa ambako mapapa walikuwa wamekaa muda mrefu wakaiacha Roma, akamwambia Papa Gregori wa 11 usoni kwamba arudi mahali pake. Januari 1377 Papa aliingia Roma. Huyo alisikilizwa. Msichana mwingine, Joan wa Arc, alisema amesikia sauti kutoka mbinguni. Mahakama ya kanisa chini ya Askofu Pierre Cauchon ilimhukumu kuwa mzushi, akachomwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431, akiwa na umri wa miaka kama 19. Hukumu hiyo ilifutwa 1456, na mwaka 1920 akatangazwa mtakatifu. Miaka 25 ya kumwondolea hatia, na miaka 489 ya kumpa heshima! Kwa hiyo wanaposema wenyewe kwamba kupima roho ni kazi ngumu, wanasema kwa majivu ya binti yule.

Sasa twende Kibeho.

Kibeho ni kijiji cha milimani, kusini mwa Rwanda. Mwaka 1981 palikuwa na shule ya sekondari ya wasichana iliyoongozwa na masista. Jumamosi tarehe 28 Novemba mwaka huo, wakati wa chakula cha mchana, msichana wa miaka 16 aitwaye Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake mezani. Akasikia sauti ikimwita. Akatoka, akamwona mwanamke mzuri. Alipomwuliza jina lake, alijibiwa kwa Kinyarwanda, "Nyina wa Jambo", yaani Mama wa Neno. Wale mnaoikumbuka sura ya kwanza ya Injili ya Yohana mwaelewa Neno huyo ni nani.

Wenzake hawakumwamini. Wengine walisema ana wazimu, wengine kwamba amerogwa. Husimuliwa kwamba alipokuwa katika hali ile ya kutosikia walimchoma kwa pini na kumsogezea moto wa mshumaa, waone kama atashtuka. Tarehe 12 Januari 1982 Nathalie Mukamazimpaka naye akasema ameona. Aliyekuwa mbele katika kumdhihaki Alphonsine alikuwa Marie Claire Mukangango, msichana mwenye ulimi mkali, na tarehe 2 Machi 1982 ikawa zamu yake. Msomaji wa Matendo ya Mitume atamkumbuka Sauli hapo, ingawa nasema hivyo kwa tahadhari.

Askofu wao wa Butare, Jean-Baptiste Gahamanyi, hakukimbilia kuhubiri kwamba mbingu zimefunguka. Machi 1982 aliunda tume ya madaktari, wakiwemo wa magonjwa ya akili. Mei mwaka uo huo akaunda tume ya wanatheolojia. Wasichana wale walichunguzwa miili na akili, wakahojiwa tena na tena, kila mmoja peke yake. Angalieni tarehe, ndugu zangu. Tume zote mbili zilikuwa zimekwisha kuanza kazi kabla halijatokea lile jambo ambalo Kibeho hukumbukwa kwalo.

Tarehe 15 Agosti 1982, sikukuu ya Mariamu kwa Wakatoliki, umati mkubwa ulikusanyika uwanjani pa shule. Walitazamia furaha. Badala yake wasichana walilia, wakatetemeka, wakaanguka chini. Yaliendelea hivyo kwa saa nyingi. Walisema wameona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zimetupwa bila wa kuzizika, vichwa vilivyokatwa, shimo lililo wazi. Watu walirudi makwao na hofu. Hawakutaja mwaka, wala kabila, wala nani atamwua nani. Neno walilorudia siku zote lilikuwa moja tu: watu watubu bila kukawia, wasali bila unafiki, maana dunia inakwenda vibaya.

Yuko atakayesema kwamba Rwanda ilikuwa imekwisha kuiona damu, mwaka 1959 na baada yake, tena 1973, na kwamba wasichana wale wangeweza kuota mambo waliyoyasikia nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki kuifukuza. Miongoni mwa wanatheolojia wa tume walikuwamo Wanyarwanda. Waliijua historia ya nchi yao kuliko mimi na wewe. Ndiyo sababu hawakuharakisha.

Baada ya hapo wengine wengi walijitokeza wakisema nao wanaona. Mmoja alikuwa kijana asiyekuwa amebatizwa, aliyesema anamwona Yesu mwenyewe na kutumwa kuhubiri huku na huku. Ilikuwa kama ilivyo kwetu: mmoja akifungua duka likapata wateja, mwezi ujao yako maduka kumi. Tarehe 15 Agosti 1988 Askofu Gahamanyi aliruhusu ibada ya hadharani mahali pale, lakini hakutoa hukumu kama waliotokewa walitokewa kweli. Tarehe 28 Novemba 1989 Alphonsine alisema ameona kwa mara ya mwisho.

Kisha ukaja mwaka 1994. Aprili mwaka huo, mauaji ya kimbari yalipoanza, maelfu ya Watutsi walikimbilia kanisa la parokia ya Kibeho wakidhani hapo ni salama. Waliuawa humo humo, na kanisa likachomwa moto. Marie Claire, aliyekuwa ameolewa tangu 1987, naye aliuawa mwaka huo. Wala damu haikukoma hapo. Aprili 1995, Kibeho ikiwa kambi ya watu waliohama makwao, askari wa serikali mpya waliwafyatulia risasi watu wa kambi. Serikali ilitaja 338 waliokufa, na mashahidi wengine wakasema ni maelfu.

Tarehe 29 Juni 2001, Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wanatheolojia wa ile tume, alitangaza hukumu. Kanisa lilikubali kwamba Alphonsine, Nathalie na Marie Claire walitokewa. Watatu hao tu. Wale wengine wote waliachwa, pamoja na waliosema wamemwona Yesu. Na sina budi kuongeza jambo ambalo wenye kuuza vitabu vya Kibeho mara nyingi hulipitia mbali. Askofu Misago mwenyewe alikamatwa 1999, akashtakiwa kwamba alihusika na mauaji ya kimbari, akakaa gerezani zaidi ya mwaka. Juni 2000 mahakama ilimwachia huru. Mwaka mmoja baadaye mkono wake ndio uliotia sahihi.

Hebu tuhesabu: tangu 1981 hadi 2001 ni miaka 20 kasoro miezi michache. Walitumia nini kupima? Kanuni walizozifuata zilitolewa Roma mwaka 1978. Huuliza kwanza habari za mtu mwenyewe: ana akili timamu? Ni mkweli? Yuko tayari kuchunguzwa na kutii? Kisha huuliza mafundisho yake: yana kosa? Halafu matunda: watu wanaomba zaidi, wanapatana, wanaacha dhambi? Na wakiona tamaa ya fedha, au uchafu wa mwenendo wakati wa mambo yale, wanasimama hapo hapo. Kanuni hizo zilibadilishwa Mei 2024, na kwa kawaida siku hizi hawatangazi tena kwamba jambo fulani hakika limetoka mbinguni. Husema tu kwamba hawaoni kizuizi. Wamezidi kuwa waangalifu.

Haya si mageni kwetu. Kiko kitabu kidogo cha Wakristo wa kwanza, Didake, kilichoandikwa karne nyingi kabla hatujagawanyika. Humo waumini wanaonywa kwamba nabii mgeni anayekaa kwao siku tatu ni wa uongo, na anayeomba fedha akiwa anasema katika roho asisikilizwe. Siku tatu! Baadhi ya wageni wetu wangeaga mapema sana.

Tunaachana na Wakatoliki wapi? Sitaficha. Mimi ni mchungaji wa Kianglikana. Simwombi Mariamu, wala sioni katika Maandiko kwamba yeye hutumwa kuleta ujumbe. Nikipima Kibeho kwa Neno, hapo nitasimama. Lakini siwezi kusema kwamba wasichana wale walidanganya, wala siwezi kusema kwamba mwito wa kutubu ulikuwa mbaya kwa Rwanda ya 1982.

Nirudi kwenye swali la yule mama. Kama lilikuwa neno la kweli, mbona hawakuokoka?

Wako wanaojibu kwamba ni kwa sababu maaskofu walichelewa. Wangetangaza mapema, nchi ingesikia. Kwa muda nilikubali. Lakini sasa naona kwamba umati wa Agosti 1982 haukuhitaji muhuri wa askofu ili uache chuki. Kuua jirani kulikuwa kumekatazwa tangu Sinai. Walichoambiwa Kibeho hakikuwa kipya, na hapo ndipo fundisho la Kikatoliki juu ya unabii linaponisaidia. Kama unabii ungekuwa kutabiri tarehe, basi aliyekosa kuuamini angekuwa na udhuru. Ukiwa ni kuitwa tena kwenye amri unayoijua, udhuru hakuna. Yona aliwatangazia watu wa Ninawi siku 40, wakatubu, na mji haukuangamia, naye nabii akakasirika kwa sababu neno lake halikutimia. Kwa kipimo cha wapiga ramli, Yona alishindwa.

Tena tazameni Matendo ya Mitume 11, kutoka mstari wa 27. Agabo alisimama Antiokia akasema njaa inakuja. Luka hasemi kwamba walibishana usiku kucha kama Agabo ni nabii wa kweli. Asema kwamba wanafunzi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, waliazimu kuwapelekea msaada ndugu wa Uyahudi, wakautuma kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Njaa ilikuja, ikakuta chakula kimekwisha kutumwa. Kibeho ilipata Agabo watatu. Palikosekana Antiokia.

Wala tusiseme hayo kwa kuwanyoshea kidole Wakatoliki. Uamsho uliotulea wengi wetu ulitoka Rwanda hiyo hiyo, kwenye misheni ya Kianglikana ya Gahini, ukafika Kabete mwaka 1937. Wazee wetu walitubu hadharani na kukumbatiana bila kujali kabila. Hata hivyo, mwaka 1994 wakubwa wa Kanisa letu huko nao walilaumiwa kwamba walikaa karibu mno na serikali, wasiikemee. Hatukuwa na tokeo la kupima. Tulikuwa na Biblia iliyofunguliwa.

Na kwetu Kenya? Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, mingi ya watoto. Mashtaka yalieleza kwamba watu waliambiwa wafunge hadi kufa wapate kumwona Yesu. Aliyeshtakiwa kuwaambia hakuwa Mkatoliki. Alikuwa mhubiri wa upande wetu huu, wa watu wa Biblia, na hapakuwa na tume ya madaktari, wala ya wanatheolojia, wala askofu wa kumwita na kumwuliza, "Mwanangu, maneno haya umeyapata wapi?" Tunapenda kusema kwamba Roho haifungwi na kamati. Ni kweli haifungwi. Lakini Paulo, katika Wathesalonike wa Kwanza 5, mstari wa 19 hadi 21, baada tu ya kukataza kumzimisha Roho na kudharau unabii, aliamuru mambo yote yajaribiwe. Amri hizo zimo katika pumzi moja, nasi tumezoea kuchukua ile tunayoipenda.

Nilimtafuta yule mama juma lililofuata. Nilimkuta nyumbani, anachambua maharagwe, na jirani yake Mkatoliki ameketi naye. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, kisha nikawaeleza haya niliyowaeleza ninyi, kwa kifupi zaidi. Jirani alisikiliza kimya. Alipofika pa Askofu Misago na gereza, alisema kwamba hilo hakuwahi kuambiwa.

Halafu yule mama akasema, "Mchungaji, huyu ataka twende wote Novemba, niione hiyo Kibeho. Ni dhambi?"

Nilimwambia si dhambi. Nilimwomba jambo moja, kwamba kabla hawajafika mahali pa maono waende kwanza kwenye kanisa la parokia, walipouawa wale watu, wakae hapo kidogo. Jirani akasema kwamba safari iliyopita walipita hapo, lakini gari lilikuwa na haraka. Wakaanza kupanga nauli.